Namna ya Kuchagua Viumbe wa Mwamba Wanaofaa Kikosi cha Pokémon

Wachezaji wengi wa Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe wa aina mbalimbali, hapa Arusha, hasa wale wanaoanza, humchagua kiumbe wa Mwamba kwa kutazama umbo lake: akiwa mkubwa, mwenye magamba na meno, huaminika kwamba atasimama imara mbele ya kikosi na kupokea kila pigo. Imani hiyo huwagharimu mapambano mengi, kwa sababu aina ya Mwamba, kinyume na jina lake, ni dhaifu katika kujilinda na ni bora sana katika kushambulia. Anayeielewa tofauti hiyo atachagua vizuri, na asiyeielewa ataendelea kushangaa kwa nini jitu lake la mawe limeanguka kwa pigo moja la maji. Namba nitakazozitaja ni za michezo mikuu ya mfululizo huu, hasa Scarlet na Violet iliyotoka mwaka 2022, ingawa nyingi zinafaa pia kwa matoleo yaliyotangulia.

Hatua ya kwanza: ijue aina yenyewe kabla ya kumjua kiumbe

Pigo la Mwamba huumiza maradufu aina nne, nazo ni Moto, Barafu, Wadudu na Kuruka. Kwa upande wa kujilinda, kiumbe wa Mwamba hupunguza nusu ya makali ya mapigo ya Kawaida, Moto, Sumu na Kuruka, lakini huumizwa maradufu na aina tano: Maji, Majani, Mapigano, Ardhi na Chuma. Hakuna aina nyingine katika mchezo huu yenye udhaifu mwingi kuliko huo, na inayolingana nayo ni Majani peke yake.

Ubaya haupo kwenye idadi tu. Maji, Ardhi na Mapigano ni aina ambazo karibu kila kikosi huwa nazo, ama kwa kiumbe mwenyewe au kwa pigo alilofundishwa, kwa hiyo usitarajie kukutana na mpinzani asiye na kitu cha kukuumiza nacho. Kiumbe wa Mwamba huingizwa uwanjani kwa kazi maalumu na kutolewa kazi hiyo ikiisha, wala haachwi pale mbele apigwe ovyo.

Kumbuka pia kwamba kiumbe mwenye aina mbili huzidisha. Charizard ni wa Moto na Kuruka, na kwa kuwa aina zote mbili zinaumizwa na Mwamba, pigo la Mwamba humpata mara nne. Volcarona, ambaye ni wa Wadudu na Moto, yuko katika hali hiyohiyo. Viumbe hawa wawili hupendwa sana, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuwa na angalau pigo moja la Mwamba kikosini.

Hatua ya pili: chunguza aina yake ya pili

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, na ningependa msomaji atulie kuliko mahali pengine popote. Viumbe wengi wa Mwamba wana aina ya pili, na aina hiyo ama huziba nyufa au huzipanua.

Golem na Rhyperior wana Mwamba na Ardhi. Wanapata faida ya kutodhurika kabisa na mapigo ya Umeme, lakini Maji na Majani huwaumiza mara nne, na juu yake huongezeka udhaifu wa Barafu. Aggron ana Chuma na Mwamba, ana ulinzi wa 180 ambao ni wa kutisha, na huhimili mapigo ya aina nyingi kwa utulivu. Hata hivyo Mapigano na Ardhi humwumiza mara nne, na aina hizo mbili zimejaa kila mahali. Tyranitar, wa Mwamba na Giza, ana udhaifu saba kwa jumla, na Mapigano humpata mara nne. Ukiangalia aina tu, Tyranitar angeachwa nje ya kila kikosi. Nitaeleza baadaye kwa nini haachwi.

Glimmora, aliyeingia na Scarlet na Violet, ana Mwamba na Sumu, na mchanganyiko huo humwondolea udhaifu wa Majani na wa Mapigano kwa mara moja. Anabaki na Maji, Akili na Chuma, pamoja na Ardhi inayompata mara nne. Wapo pia wasio na aina ya pili, kama Garganacl, Gigalith na Lycanroc. Hao wana udhaifu ule wa kawaida wa aina tano lakini hawana hata mmoja wa mara nne, na kwa mchezaji anayeanza ningeshauri aanze na mmoja wa hao, kwa kuwa kosa moja la kuhesabu halimwangushi kiumbe mzima palepale.

Hatua ya tatu: soma namba zake, usisome umbo

Kila kiumbe ana namba sita za msingi: uhai, shambulizi, ulinzi, shambulizi maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wadogo zangu wa mtaani Sakina ni Onix, yule nyoka mrefu wa mawe ambaye wengi wanamfahamu tangu michezo ya kwanza ya mwaka 1996. Ulinzi wake ni 160, namba kubwa kwelikweli. Lakini uhai wake ni 35, sawasawa na wa Pikachu, na shambulizi lake ni 45 wakati la Pikachu ni 55. Yule panya mdogo wa manjano anagonga kwa mwili kwa nguvu kuliko nyoka huyo wa mawe. Fundi wa msingi hugonga jiwe kwa nyundo kwanza ndipo alipange, na mchezaji naye afungue ukurasa wa namba ndipo aamue.

Unapozisoma, tazama namba ya tano kabla ya zote. Viumbe wa Mwamba kwa kawaida wana ulinzi mkubwa dhidi ya mapigo ya mwili na ulinzi maalumu mdogo. Rhyperior ana ulinzi wa 130 na ulinzi maalumu wa 55 tu. Tatizo ni kwamba mapigo mengi ya Maji na ya Majani, kama Surf na Giga Drain, ni mapigo maalumu, kwa hiyo mpinzani anakupiga mahali penye udhaifu wa aina na udhaifu wa namba kwa wakati mmoja. Mchezaji anayesema kwamba kiumbe wake ana ulinzi mkubwa bila kutaja ni ulinzi upi hajamaliza kusoma.

Kasi nayo hutazamwa, ingawa jibu lake kwa kawaida ni lilelile: wengi ni wazito. Gigalith ana kasi ya 25, Garganacl 35, Rhyperior 40. Wanaokimbia ni wachache, kama Aerodactyl mwenye 130 na Lycanroc wa mchana mwenye 112. Uzito si kasoro ukiwa na mpango wa Trick Room, pigo ambalo kwa zamu tano huwatanguliza wazito na kuwachelewesha wepesi.

Hatua ya nne: mpe kazi moja

Jiulize kikosi chako kinakosa nini, kisha mtafute kiumbe wa Mwamba wa kujaza pengo hilo. Kazi ziko tatu kwa ujumla, na ya kwanza ni ya kutandaza mawe kwa pigo liitwalo Stealth Rock. Likishawekwa, kila kiumbe wa mpinzani anayeingia uwanjani hupoteza sehemu ya nane ya uhai wake. Akiwa na udhaifu kwa Mwamba hupoteza robo, na akiwa na udhaifu wa mara nne, kama Charizard, hupoteza nusu kabla hajafanya lolote. Glimmora ni hodari wa kazi hii. Mpe Focus Sash, kifaa kinachomwezesha kubaki na uhai kidogo baada ya pigo ambalo lingemmaliza akiwa mzima, naye atakuwa na uhakika wa zamu moja ya kutandaza. Zaidi ya hapo, kipaji chake cha Toxic Debris humwaga miiba ya sumu upande wa mpinzani kila anapogongwa kwa pigo la mwili. Ujue tu kwamba mpinzani makini huwavalisha viumbe wake Heavy-Duty Boots, na mwenye viatu hivyo hapati madhara ya mawe wala ya miiba.

Kazi ya pili ni ya ukuta, na hapa Garganacl anastahili maelezo marefu. Ana uhai wa 100, ulinzi wa 130 na ulinzi maalumu wa 90, namba zilizosawazika kuliko za jamaa zake wengi. Kipaji chake cha Purifying Salt humkinga asitiwe sumu, asiunguzwe, asilazwe usingizi wala kupooza, na hupunguza nusu ya makali ya mapigo ya Mzimu. Pigo lake la chumvi, Salt Cure, lina nguvu ya 40 tu, na mchezaji mgeni akiiona namba hiyo hulipuuza, lakini thamani yake haipo kwenye mgongano wa kwanza. Aliyepigwa nalo hupoteza sehemu ya nane ya uhai wake mwishoni mwa kila zamu hadi atolewe uwanjani. Akiwa wa Maji au wa Chuma hupoteza robo nzima. Tazama vizuri jambo hilo: Maji na Chuma ni mbili kati ya zile aina tano zinazomshinda Mwamba, na kiumbe huyu anawaadhibu hasa hao wanaokuja kumwinda. Kwa kuwa anaweza pia kujirudishia nusu ya uhai wake kwa pigo la Recover, mpinzani wa Maji asiyekuwa na nguvu ya kummaliza upesi hulazimika kutoka. Ukitumia Terastal kumgeuza aina, udhaifu wake wote wa Mwamba hutoweka. Wengi humfanya wa Maji, wa Mzimu au wa Fairy kulingana na kikosi kinachomkabili.

Kazi ya tatu ni ya kupiga. Rampardos ana shambulizi la 165 na hana kingine cha kujivunia. Terrakion ana shambulizi la 129 na kasi ya 108, mchanganyiko adimu kwa aina hii. Rhyperior ana shambulizi la 140, na kipaji chake cha Solid Rock hupunguza robo ya madhara ya pigo lolote linalolenga udhaifu wake.

Sasa turudi kwa Tyranitar. Jumla ya namba zake sita ni 600, lakini siri yake ni kipaji cha Sand Stream, ambacho huleta dhoruba ya mchanga mara tu anapoingia. Tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006, dhoruba hiyo humpandishia kila kiumbe wa Mwamba ulinzi maalumu kwa asilimia 50, yaani inaziba ule ufa tuliouona katika hatua ya tatu. Pia hula sehemu ya kumi na sita ya uhai wa kila asiye wa Mwamba, Ardhi au Chuma kila zamu. Hudumu zamu tano, au nane akiwa ameshika jiwe liitwalo Smooth Rock. Ukiwa na Tyranitar, kila kiumbe mwingine wa Mwamba kikosini mwako anapanda daraja, lakini usiwajaze. Mmoja anatosha, wawili ni wengi, na watatu wataangushwa na kiumbe mmoja wa Maji.

Hatua ya tano: chagua mapigo kwa kuhesabu usahihi wake

Mapigo makubwa ya Mwamba yana nguvu lakini hukosea shabaha. Stone Edge ina nguvu ya 100 na usahihi wa asilimia 80. Rock Slide ina nguvu ya 75 na usahihi wa asilimia 90. Head Smash ina nguvu ya 150, usahihi wa asilimia 80, na humrudishia mpigaji nusu ya madhara aliyoyatoa. Kijana mmoja wa jirani aliniuliza kuhusu hili huku amenishikisha pedi.

"Shikamoo kaka. Kwa nini kila nikihitaji Stone Edge inakosa?"

"Marahaba mdogo wangu. Unaihitaji mara ngapi katika pambano moja?"

"Kama mara mbili, tatu hivi."

Hilo ndilo jibu lenyewe. Uwezekano wa Stone Edge kupata mara mbili mfululizo ni asilimia 64, na mara tatu mfululizo ni asilimia 51 na kidogo. Mpango wa ushindi unaotegemea mapigo matatu ya namna hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Rock Slide hupata mara mbili mfululizo kwa asilimia 81, na pia ina uwezekano wa asilimia 30 wa kumshtua mpinzani asipige zamu hiyo iwapo umemtangulia. Katika mapambano ya wawili kwa wawili hugonga wapinzani wote kwa pamoja, kwa hiyo huko sioni sababu ya kuchagua pigo lingine badala yake. Stone Edge iwekwe kwa kiumbe ambaye hesabu yake inaonyesha kwamba nguvu ya 75 haitamwua mlengwa na ya 100 itamwua. Kwa viumbe wazito, Rock Tomb ni chaguo zuri la kati: nguvu yake ni 60, usahihi ni asilimia 95, na humpunguzia kasi aliyepigwa.

Kwa Glimmora, ambaye shambulizi lake maalumu ni 130, mapigo ya mwili hayamfai. Mpe Power Gem yenye nguvu ya 80 na usahihi kamili. Kumbuka kwamba pigo la aina ileile na mpigaji huongezewa nusu ya nguvu yake, na mazoezi nayo yaelekezwe kwenye kazi uliyompa: kila kiumbe hupokea pointi 510 za mazoezi kwa jumla, na namba moja haiwezi kupata zaidi ya 252.

Hatua ya sita: mtafutie mwenzake

Mwenzi wa kwanza wa Mwamba ni Majani, na uhusiano huu ni mzuri kiasi kwamba ningependa kila mchezaji auone kwa macho yake mwenyewe kwenye jedwali la aina. Kiumbe wa Majani huhimili Maji, Majani na Ardhi, ambazo ni tatu kati ya udhaifu tano wa Mwamba. Yeye naye huogopa Moto, Barafu, Kuruka, Wadudu na Sumu. Nne za kwanza ndizo zilezile ambazo pigo la Mwamba huzivunja, na ya tano Mwamba huihimili. Kila mmoja anaingia pale ambapo mwenzake anatishiwa. Amoonguss, wa Majani na Sumu, anafaa zaidi kwa kuwa huhimili Mapigano pia, na kipaji cha Regenerator humrudishia theluthi ya uhai kila anapotoka. Hasara ni kwamba Sumu inamwondolea ule uhimili wa Ardhi, hivyo atafutwe mwingine wa kulipokea tetemeko, kwa mfano kiumbe wa Kuruka ambaye Ardhi haimgusi.

Kwa Tyranitar mwenzi wangu ni Houndstone, wa Mzimu. Mapigo mengi ya Mapigano hayamgusi, na kwa kipaji cha Sand Rush kasi yake huzidishwa mara mbili ndani ya dhoruba ambayo Tyranitar ameileta, wala mchanga haumdhuru. Mpinzani anayemtoa mpiganaji wake kuja kummaliza Tyranitar hujikuta mbele ya mbwa wa mizimu anayetangulia karibu kila mtu.

Hatua ya saba: mpate, kisha umjaribu

Baadhi ya viumbe hawa hawafikii umbo la mwisho bila kubadilishana na mchezaji mwingine. Graveler huwa Golem kwa njia hiyo, na Rhydon huwa Rhyperior akibadilishwa huku ameshika kifaa kiitwacho Protector. Kubadilishana kwa intaneti katika Scarlet na Violet kunahitaji usajili wa kulipia, lakini mashine mbili zilizo chumba kimoja hubadilishana bila intaneti na bila malipo. Arusha na Moshi ziko umbali wa kilomita 80 hivi, na wachezaji wa miji hii miwili wanaofahamiana wanaweza kupanga siku ya Jumamosi wakamaliza shughuli zote kwa kikao kimoja. Mkubaliane mapema kwamba kila mmoja anarudishiwa kiumbe wake baada ya kugeuka. Kwa anayecheza peke yake, Garganacl ni rahisi zaidi: Nacli hugeuka akifika ngazi ya 24, kisha ya 38, bila kumhitaji mtu. Tyranitar huhitaji subira, kwani Larvitar hugeuka ngazi ya 30 na umbo la mwisho huja ngazi ya 55.

Wanaocheza Pokémon GO kwenye simu wafahamu kwamba hesabu za huko ni tofauti kidogo. Kule Rampardos hupiga kwa nguvu kubwa mno ingawa huanguka upesi, na Rhyperior mwenye pigo la Rock Wrecker hudumu zaidi. Hali ya mawingu kiasi huongeza nguvu ya mapigo ya Mwamba, na kwa jinsi mawingu yanavyopita kutoka Meru, anga ya Arusha huwasaidia mara kwa mara.

Kabla ya kutumia saa nyingi kumlea kiumbe, kijaribu kikosi chako kwenye Pokémon Showdown, ambayo hufunguka bure ndani ya kivinjari na hukuruhusu kuunda kiumbe yeyote kwa dakika chache. Pigana mapambano kadhaa, na baada ya kila moja andika mambo mawili tu: kiumbe wa Mwamba aliingia mbele ya nani, na alitolewa na pigo la aina gani. Ukiona aina moja inajirudia, mbadilishe mwenzi wake kwanza. Ukiona anaangushwa na aina tofauti kila mara lakini akiwa tayari ametandaza mawe au amemwachia mpinzani chumvi, mwache alivyo, kwa sababu kazi yake ameshaifanya.